Mkoba wa Jack: siku tano kutoka Charleston hadi Mose

Jumatano. Barabarani

Tumetoka Columbus, Ohio, saa kumi alfajiri. Tuko wawili: mimi na mpwa wangu, ambaye amezaliwa huku na Kiswahili chake ni cha jikoni, anakielewa chote lakini akijibu anachanganya. Yeye anaendesha, mimi nasimulia. Ndivyo tulivyopatana.

Safari hii imetokana na neno moja. Mwaka jana nilikuwa nasoma habari za njama ya watumwa ya Charleston ya mwaka 1822, nikakutana na mtu aliyeitwa Gullah Jack. Katika orodha ya walionyongwa, jina lake liko karibu na la kiongozi mwenyewe, Denmark Vesey. Bwana wake wa zamani, Zephaniah Kingsley, mfanyabiashara wa watumwa aliyekuwa na mashamba Florida, aliandika kwamba Jack alikuwa kuhani kwao, na kwamba yeye Kingsley alimnunua akiwa mateka wa vita mahali anapopaita Zinguebar. Akaongeza kwamba Jack alipanda merikebuni na vifaa vyake vya uganga ndani ya mfuko, na hakuuachia mfuko huo tena.

Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Mganga na mkoba wake! Kwetu hata humalizi sentensi. Mtu husema "fulani kapewa mkoba", na kila aliyepo huelewa kwamba karithi uganga kwa babu yake. Jack aliingia katika jahazi la Wazungu na mkoba wake begani, akavuka nao bahari mbili.

"Kwa hiyo alikuwa Mzanzibari, mjomba?" mpwa wangu aliuliza, tukiwa milimani West Virginia.

Nilitaka sana kusema ndiyo. Lakini Zinguebar ya ramani za zamani haikuwa Unguja peke yake. Lilikuwa jina la pwani nzima, tangu karibu na Msumbiji mpaka karibu na Wasomali. Na Kingsley anaitaja nchi ya Jack kwa jina nililoliona limechapwa kwa namna mbili: M'Choolay Moreema, na M'Choolay Morcema. Ukiisoma ya kwanza kwa sikio la Kiswahili, unasikia "Mrima", pwani ya bara inayotazamana na Unguja. Ukiisoma ya pili, husikii kitu. Ni herufi moja tu katika mwandiko wa mtu, nami nimeendesha gari saa kumi na mbili kwa ajili yake. (Sawa, ameendesha yeye.)

Tumeingia Charleston jua likianza kuinama. Hewa ina chumvi. Nimelala mapema.

Alhamisi. Charleston

Asubuhi tulikwenda Gadsden's Wharf, gati iliyopokea maelfu ya watu kutoka Afrika katika miaka michache ya mwisho kabla sheria ya Marekani haijapiga marufuku kuwaleta, tarehe 1 Januari 1808. Tangu Juni 2023 pana makumbusho makubwa ya Waamerika Weusi, jengo refu lililoinuliwa juu ya nguzo, na chini yake uwanja umeachwa wazi. Ndani pana mengi. Nje palinishika zaidi: sakafuni zimechorwa sura za watu waliolala wamebanana kama samaki kwenye tenga, na maji huja juu yao, yakaondoka, yakarudi.

Kisha bustani ya Hampton. Hapo tangu 2014 pana sanamu ya Vesey. Alikuwa seremala. Mwaka 1799 alishinda bahati nasibu, dola 1,500, na kwa 600 kati ya hizo akajinunua mwenyewe. Mkewe na watoto hakuweza. Msanii amemsimamisha na Biblia mkono mmoja na mfuko wa vifaa vya useremala mkono wa pili. Nikamwonyesha mpwa wangu: mfuko huu wamekumbuka kuuchonga. Sanamu ya Jack sikuiona popote.

Mpango, kwa mujibu wa mahakama, ulikuwa kuinuka tarehe 14 Julai 1822, kuteka silaha, kuua mabwana na kukimbilia Haiti. Jack, wakati huo akiwa mtumwa wa fundi wa merikebu aitwaye Paul Pritchard, alipewa kazi ya kukusanya wale waliotoka Afrika wenyewe. Mashahidi walimweleza kuwa mtu mfupi mwenye ndevu nyingi za mashavuni. Aliwagawia wafuasi wake magando ya kaa, wayaweke kinywani siku ya vita ili wasijeruhiwe. Na mpaka siku hiyo, wasile kitu ila mahindi makavu ya kukaanga na njugu.

Nimeisoma hukumu yake. Hakimu hakutosheka kumwambia kwamba atakufa. Alimcheka pia, kwamba hirizi alizojisifia zimeshindwa kumlinda mwenyewe, seuze wenzake. Jack alinyongwa tarehe 12 Julai, siku kumi baada ya Vesey. Jumla walinyongwa 35.

Wapo wanahistoria wanaosema njama yenyewe ilikuzwa na mahakama, ushahidi ukatolewa kwa vitisho na mateso. Hoja yao ina uzito: kesi ziliendeshwa milango imefungwa, na waliozungumza wengi walikuwa wanaokoa shingo zao. Lakini gando la kaa siamini kwamba hakimu wa Kizungu angelibuni. Jambo kama lile hutoka kwa anayelijua.

Alasiri tulipita Anson Street. Mwaka 2013 mafundi waliokuwa wakitengeneza ukumbi mkubwa wa jiji walifukua mifupa ya watu 36, Waafrika na watoto wa Waafrika, waliozikwa katika karne ya 18 na kusahauliwa. Wataalamu walipima meno yao. Jino linapoota utotoni hunyonya alama ya maji na udongo wa pale mtoto anapokulia, na alama hiyo haifutiki. Kwa hiyo inajulikana kwamba baadhi yao walizaliwa Afrika na wengine hapahapa Carolina. Mwaka 2019 walizikwa upya kwa heshima, mji ukatoka kuwasindikiza.

Mpwa wangu aligusa jino lake kwa ulimi. Nilimwona.

Ijumaa. Pancha na njugu

Siku ya shida. Tulitoka kwa barabara namba 17 kwa sababu nilitaka kuona mahali pa Stono, kama kilomita ishirini nje ya mji. Pana kibao kando ya barabara, magari yanapita kasi, basi. Hapo karibu, Jumapili ya tarehe 9 Septemba 1739, watumwa kama ishirini, wengi wao watu wa Kongo, wakiongozwa na mmoja aitwaye Jemmy, walivunja duka la silaha, wakapiga ngoma na kushika njia ya kusini. Njiani wakaongezeka. Jioni ile ile walikuwa wamezingirwa na kupigwa.

Muhimu ni kwamba walikwenda kusini. Watu wengi, hata huku, wakifikiria mtumwa anayetoroka humwona anaelekea kaskazini, akiifuata nyota ya huko. Lakini miaka mia moja kabla ya hizo hadithi, uhuru ulikuwa kusini, Florida, kwa Wahispania. Mwaka 1693 mfalme wa Hispania alitangaza kwamba mtumwa wa Waingereza akifika huko na kukubali dini ya Kikatoliki ni mtu huru. Si kwa mapenzi. Alitaka kuwakomoa Waingereza. Lakini mtoro hachagui nia ya mwenye mlango.

Tukiwa tumeingia Georgia tairi la nyuma likapasuka. Spea nalo halina upepo. Tumekaa saa mbili na nusu kwenye kituo cha mafuta tukisubiri fundi, ambaye alipofika alitutoza bei ya kutosha kununua tairi mbili. Mpwa wangu alinuna. Mimi nilimwona mzee ana sufuria kubwa nje ya kituo anauza njugu za kuchemsha na maganda yake, chumvi imekolea, nikanunua mfuko. Sehemu hizi wazee huita njugu "goober", neno lililotoka Kikongo, nguba. Nguba, njugu. Nikamwambia mpwa wangu alirudie kwa sauti, akarudia mdomo umejaa.

Kingsley naye alikuwa na sikio. Aliandika kwamba kwao Jack husemwa lahaja ya lugha ya Angola, lugha inayosikika Afrika toka bahari hadi bahari. Mfanyabiashara wa watumwa, akiwa kazini kwake, aligundua udugu wa lugha za Kibantu kwa sababu bidhaa zake zilikuwa zikielewana.

Tumelala karibu na Jacksonville, usiku umeingia.

Jumamosi. Kisiwa cha Fort George

Nilisubiri siku hii kuliko zote.

Unavuka mto St. Johns kwa pantoni kutoka Mayport, dakika chache tu, gari zimepangwa kama Kigamboni ila bila ya muuza karanga. Kisha unaingia njia ya vumbi iliyofunikwa na miti. Mwisho wake, kabla hujaiona nyumba ya bwana, unaziona nyumba za watumwa. Zimepangwa nusu duara, kulia na kushoto ya njia. Zilikuwa 32, kuta za 25 zimesimama. Kingsley alihamia hapa 1814, baada ya shamba lake la kwanza, Laurel Grove, kuvamiwa mwaka 1812. Katika orodha ya watu wa shamba lile, majina yameandikwa pamoja na nchi walikotoka: Waigbo, Wakalabari, Wasusu. Na wamo walioandikwa kuwa ni wa Zinguibara.

Nilishuka garini nikaenda moja kwa moja ukutani, nikaweka kiganja. Baba yangu alikuwa mwashi Makunduchi, na kazi yangu ya utoto ilikuwa kubeba mawe ya tanuu. Unapanga magogo duara, unarundika mawe ya matumbawe juu, unatia moto, unaacha siku kadhaa mpaka jiwe livunjike kuwa chokaa. Ukuta huu wa Florida hauna jiwe, kwa sababu kisiwa hiki hakina jiwe. Una makombe ya chaza. Watumwa waliyachoma makombe wakapata chokaa, wakaichanganya na mchanga, maji na makombe mengine mazima, wakashindilia ndani ya mbao, tabaka juu ya tabaka. Makombe mengi yalitoka kwenye vilima vya taka za chakula walivyoviacha Watimucua, wenyeji wa asili, karne nyingi kabla. Pita kidole uone: chaza aliyeliwa na Mtimucua, akachomwa na Mwigbo, kwa amri ya Mwingereza. Umeme haukuwapo, saruji haikuwapo, na ukuta una miaka mia mbili. Baba angeusifu ufundi na kutukana aliyeuamuru.

Nikapima kwa hatua nyumba moja. Sita kwa saba, vyumba viwili, jiko la moto ukutani. Familia nzima humo.

Hapa ndipo akiolojia ya utumwa wa Marekani ilipoanza, kwa maana ya kuchimba nyumba ya mtumwa kwa makusudi ya kumjua mtumwa mwenyewe. Kabla ya hapo walichimba majumba ya mabwana. Mwaka 1968 Charles Fairbanks wa Chuo Kikuu cha Florida alichimba vibanda viwili hivi akitafuta alama za Afrika. Alikuta mifupa ya samaki na wanyama wa porini, risasi na mawe ya bunduki, maana yake watumwa hawa waliwinda, na walikuwa na bunduki, jambo lililowashangaza wengi. Alama za Afrika, alisema, hakuziona.

Miaka karibu arobaini baadaye akaja mwingine wa chuo hicho hicho, James Davidson, na wanafunzi wake. Wao wakakuta, chini ya sakafu ya kibanda kimojawapo, kuku mzima amelazwa juu ya yai. Si mabaki ya chakula, kwani mifupa ilikuwa katika mpangilio wake, haikukatwa. Mtu alimzika kwa makusudi, akaitandaza sakafu juu yake, akalala hapo. Mwaka 2010 wakapata pia makaburi 6 ambayo hayakuwa na alama yoyote juu.

Wataalamu wameandika kurasa nyingi kumweleza kuku yule, na wamefanya vyema, kwa sababu hakuna aliyebaki wa kumuuliza. Kwetu kitu kikizikwa ndani ya nyumba au mlangoni ili kiilinde hakihitaji kurasa nyingi. Ni fingo. Nililitaja neno hilo kwa sauti, mpwa wangu akaniuliza kama ni Kiingereza.

Jioni nilimpigia mama. Nikamweleza habari ya kuku na yai.

"Fingo hilo," alisema bila kufikiri. Halafu kimya kidogo. "Na wamelifukua?"

"Wamelifukua, mama. Ili wajue."

"Haya. Mtu kazindika nyumba yake, wao wanataka kujua."

Sikumjibu. Lazima niseme pia, ili nisijidanganye: kuku huyo si lazima awe wa mtu wa pwani yetu. Waigbo na Wayoruba nao wana kuku na yai katika ibada zao, na kibanda hicho kingeweza kukaliwa na mtu wa nchi yoyote. Neno fingo ni langu, kuku ni wake. Kinachonitosha ni kwamba Fairbanks hakuona na Davidson aliona, na tofauti yao si bahati tu. Kwa Davidson, mfupa wa kuku uliolala vizuri ulikuwa jambo la kusimamia na kutazama mara ya pili.

Kuna nyumba nyingine hapa, ya jiko, ambayo ilikuwa ya Anna Madgigine Jai. Alikuwa binti wa Kiwolofu kutoka Senegal. Kingsley alimnunua Havana mwaka 1806 akiwa na miaka 13, akamwoa kwa desturi, akamwacha huru 1811. Baadaye Anna mwenyewe akamiliki watumwa. Mpwa wangu alikasirika kabisa. "Inakuwaje, mjomba? Yeye aliuzwa!"

Nikamwambia afikirie Zinguebar tena. Tumekuja huku tukimtafuta Jack kama jamaa yetu aliyepotea. Lakini Kingsley alisema alimnunua mateka. Mnunuzi hawi peke yake sokoni. Kuna aliyemteka Jack, kuna aliyemfunga, kuna aliyemshusha pwani, na mtu fulani pwani hiyo, mwenye kanzu na mizani, alipokea fedha akahesabu. Enzi zile watu walitelemshwa Kilwa na Unguja kwa maelfu, Wafaransa wa Morisi na Réunion wakigombea kununua. Soko la Unguja lilifungwa 1873 tu. Sisi wa kusini mwa kisiwa hupenda kusema hatukuuza mtu, walikuwa wengine. Labda. Mimi nilikwenda Charleston kutafuta kama Jack alikuwa wetu. Kilichoandikwa ni kwamba aliuzwa kwetu, au jirani na kwetu. Si maneno mamoja.

Mpwa wangu hakusema kitu mpaka pantoni.

Jumapili. Mose

Kilomita sabini kusini, nje kidogo ya mji wa St. Augustine, ndipo Mose. Jina lake refu ni Gracia Real de Santa Teresa de Mose. Mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano aliwapa watoro wa Carolina mahali hapa wajenge ngome na kijiji chao, wawe walinzi wa mji upande wa kaskazini. Kapteni wao alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka, aliyekuwa mtumwa Carolina, akapigana, akatoroka, na alipofika kwa Wahispania akauzwa tena, akakaa miaka akiandika maombi ya uhuru mpaka akasikilizwa. Kwa hiyo ile ahadi ya mfalme nayo haikuwa ikitimizwa yenyewe. Ilidaiwa.

Mwaka 1740 Waingereza waliiteka ngome, na alfajiri moja ya Juni Menéndez na watu wake, pamoja na Wahispania na wenyeji wa asili, waliirudia wakaivunja nguvu ya maadui. Ngome ikaharibika. Ya pili ilijengwa 1752. Hesabu ya 1759 inataja watu 67 ndani yake: wanaume 37, wanawake 15, watoto wa kiume 7, wa kike 8. Mwaka 1763 Hispania ilipowaachia Waingereza Florida, watu wa Mose walipanda merikebu wakahamia Cuba.

Kisha kinamasi kikafunika yote. Kuanzia 1986 hadi 1988 Kathleen Deagan na wenzake walichimba, huku Jane Landers akipekua karatasi za zamani za Kihispania. Walipata handaki la ngome ya pili, mifupa ya samaki, vifungo, shanga za tasbihi za Kikatoliki, na kidani kidogo kilichotengenezwa kwa mkono: upande mmoja Mtakatifu Christopher, mlinzi wa wasafiri, upande wa pili alama ya dira. Hirizi, nadhani, ila hii hakimu yule asingeicheka.

Siku hizi pana ngome ya mfano, mbao na udongo, karibu na jumba la wageni. Watoto walikuwa wanapanda juu wakipigiana bunduki za vidole. Mahali penyewe pa kweli ni kisiwa kidogo cha miti ndani ya kinamasi, unakitazama kutoka mwisho wa daraja la mbao.

"Kwa hiyo Jack angetoroka aje hapa," mpwa wangu alisema.

Hapana. Ndipo penye uchungu. Mwaka 1784 Wahispania walirudishiwa Florida, lakini 1790, kwa kubanwa na Marekani, waliacha kuwapokea watoro. Jack alipofikishwa Florida na mkoba wake, alikuwa kwenye ardhi ile ile ya mfalme wa Hispania, siku moja ya safari kutoka ngome hii, na mlango ulikwisha fungwa. Mwaka 1821 Florida yenyewe ikawa ya Marekani. Jack naye akawa mali ya Pritchard huko Charleston. Alikwenda njia tuliyokuja nayo sisi, ila kwa kurudi nyuma.

Maji yalikuwa yanakupwa. Matope yakaanza kuonekana chini ya daraja, meusi, yana harufu ile ile ya mikokoni kwetu, na kaa wadogo wakatoka mashimoni, mamia, kila dume na gando moja kubwa mno kwa mwili wake, wakiliinua na kulishusha. Mpwa wangu alijilaza kifudifudi juu ya mbao, akawatazama muda mrefu.

"Mjomba," akaniuliza, "lile la kinywani, lilikuwa gando kubwa au dogo?"